Kitenge KIMECHUJA, KIMECHUJUKA au KIMEPAUKA? Naomba tuliweke sawa, limenigharimu kola 24

Mleta uzi (fundi cherehani, Majengo, Dodoma)

Wakuu salaam.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Uzi huu ni wa neno moja tu, na ninauleta kwa sababu neno hilo limenitoa pesa mfukoni na kuninyima usingizi usiku minne. Mwenye haraka anisamehe, nitaeleza tangu mwanzo.

Mwezi wa sita nilipata kazi ya sare za kwaya. Magauni 24 ya kitenge rangi ya damu ya mzee, kola na mapindo ya mikono kitambaa cheupe cha pamba. Kitenge nilinunua kwa jora kwa mfanyabiashara ninayemfahamu siku nyingi, akaniambia mzigo ni mzuri. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi, nikakabidhi. Jumapili wakaimba wakapendeza. Jumatatu wakafua. Jumatano mwenyekiti wa kwaya akaja na mfuko wa salfeti, akamwaga magauni juu ya meza yangu ya kukatia. Kola zote zimekuwa pinki. Na si pinki ya kununua dukani, ni rangi ya maji yaliyooshewa nyama.

Akasema: "Fundi, nguo zako zimepauka."

Nikachukua gauni mbili nikaenda nazo kwa aliyeniuzia. Akazigeuza, akasema: "Dada, kila kitenge kinapauka. Jua la Dodoma si unalijua?"

Wakuu, hapo ndipo niliposhindwa. Nilijua kwamba amesema kitu kisicho kweli, lakini sikuwa na neno la kumrudishia. Mwenyekiti kasema zimepauka, muuzaji kasema zimepauka, hata mimi mwenyewe njiani nilikuwa nasema zimepauka. Kama zimepauka basi ni jua, na jua halina duka la kurudishiwa mzigo. Nikarudi, nikanunua kitambaa cheupe kwa pesa yangu, nikafumua kola 24, nikashona upya.

Usiku nikiwa nafumua ndipo akili ilipotulia. Kitenge chenyewe kilikuwa bado kimeiva vizuri, damu ya mzee ile ile. Kingekuwa kimepauka kingekuwa cheupecheupe mabegani. Sasa ninavyoelewa mimi kwa kazi hii ni hivi.

KUPAUKA ni kwa jua, vumbi, ukavu na miaka. Angalia shati la kijana wa bodaboda: mabega na mgongo vimepauka, kwapani rangi bado ni ya dukani. Angalia pazia linalokaa dirisha la magharibi: mikunjo ya ndani bado ina rangi, ya nje imekwisha. Watu wenyewe tunapauka, huku kwetu kuanzia mwezi wa tano mvua ikikatika mpaka Desemba, miguu bila mafuta inakuwa kama imepakwa majivu. Rangi iliyopauka haiendi kwa mtu. Inapotea ilipokuwa, haimchafui jirani.

KUCHUJA ni kwa maji. Ni neno lile lile la tui. Unatia maji kwenye nazi iliyokunwa, unakamua, tui linashuka kwenye bakuli, machicha yanabaki. Kitenge kinachochuja kinafanya vivyo hivyo: kinatoa tui lake. Na tui haliishii hewani, lina mahali linapokwenda. Beseni linakuwa jekundu, na cheupe chochote kilichomo humo kinakunywa.

Kwa hiyo kola zangu hazikupauka. Kitenge kilichuja. Hilo ni kosa la rangi ya kiwandani na la aliyeuza akijua, jua halihusiki. Ningelisema neno hilo pale dukani siku ile, mazungumzo yangekuwa mengine.

Naomba wataalamu wa lugha mnisahihishe kama nimekosea. Na nina swali la pili linaloniuma zaidi: kola zenyewe, zile nyeupe zilizopokea rangi isiyo yao, tuzisemeje? Kitenge kimechuja, sawa. KOLA ZIMEFANYA NINI?

---

Mchangiaji (Nkuhungu)

Pole sana dada. Mimi nilikuwa natumia kuchuja kwa wasanii tu: "fulani kachuja", yaani alikuwa anawaka, sasa nyimbo zake hazina ladha. Na wanasiasa pia. Sikuwahi kufikiri kwamba neno limetoka kwenye beseni.

---

Mchangiaji (mwalimu wa Kiswahili, sekondari)

Dada fundi, pole kwa hasara, na asante kwa uzi. Niruhusu nianze na masahihisho kisha nikubaliane nawe.

Katika Kiswahili sanifu, nguo ikipoteza rangi tunasema imeCHUJUKA. Kuchuja ni kutenganisha kitu chepesi na masalia yake au kizuri na kibaya: kuchuja chai, kuchuja tui, kuchuja wagombea. Hapa Dodoma ndiko vikao vikubwa vya chama tawala vinakokaa, na kila msimu wa uchaguzi neno mchujo liko midomoni mwa kila mtu. Kichujio, chujio, mchujo, yote ni ya familia hiyo. Nguo "imechuja" ni lugha ya mtaani iliyozoeleka mno, nami sioni ubaya wa kuitumia nyumbani, ila mwanafunzi akiandika kwenye insha namwongoza aandike imechujuka.

Lakini tazama umbo la chujuka, lina jambo linalokuhusu. Kutokana na chuja, kauli ya kawaida ya kutendeka ni CHUJIKA: "tui limechujika vizuri". Chujuka ni kitu kingine. Iko kwenye kundi la vitenzi vya -uka na -oka: banduka, chubuka, babuka, fumuka, pasuka, ng'oka. Na pauka unaiona humo humo kwa sura yake. Soma tena orodha hiyo polepole. Karibu vyote vinaeleza kitu kuachana na kilichokuwa mwilini mwake: ngozi, rangi, mshono, mzizi. Na vyote havimtaji mtenda. Ukisema "bati limebanduka", hujasema kama ni upepo au ni fundi aliyepigilia misumari michache. Ukisema "mshono umefumuka", hujasema kama ni mvaaji alinenepa au wewe ulishona kwa uzi mbovu.

Ndiyo maana muuzaji wako alipenda kupauka. Kitenzi chenyewe kinamficha mtu.

---

Mleta uzi

Mwalimu, nimesoma hili mara tatu. "Kitenzi chenyewe kinamficha mtu." Nimeliandika kwa chaki ukutani karibu na mashine.

Ila naomba nikubishie kidogo kwa heshima. Ukinipa chujuka peke yake, unanirudisha kule kule. Nikienda dukani nikasema "kitenge kimechujuka", muuzaji atasema ndiyo, vitu huchujuka. Mimi nahitaji neno linalokifanya kitenge kuwa mtenda, maana ndicho kilichotenda. Kitenge kimezichujia kola zangu. Kama mtoto anavyomkojolea mwenzake kitandani: hatusemi tu "kitanda kimelowa".

Pia kuna tofauti ambayo sisi wa nguo tunaiona kwa macho. Kitenge kinaweza KUCHUJA kisichujuke. Wiki ya kwanza kinatoa rangi kama juisi na chenyewe kinabaki kimekolea, kwa sababu kilikuwa kimejazwa rangi kupita kiasi na kiwandani hakikusuuzwa vya kutosha. Na kinaweza KUCHUJUKA polepole miaka mitatu bila siku hata moja kumchafua mwenzake. Kwangu hayo ni magonjwa mawili. Tukiyapa jina moja, dawa itakosewa.

---

Mwalimu wa Kiswahili

Hapo umenishinda. Kuchuja kwa tukio, kuchujuka kwa hali inayobaki. Nitalifikisha darasani kwa maneno yako.

---

Mchangiaji (dobi, Chang'ombe)

Mimi ni dobi, nafua kwa mikono na mashine. Nataka niongeze maneno mengine kwa sababu kwangu ni ugomvi wa kila wiki.

Kwanza, watu huja na shati jeupe lililokuwa la kijivu wanasema limepauka. Shati jeupe litapauka liwe nini? Hilo LIMEFUBAA. Limepoteza mng'ao. Kwa wengi wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi chanzo ni maji. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya namna hiyo haitoi povu, inaganda na kuwa utando mzito unaong'ang'ania kwenye nyuzi, ufuo kwa ufuo, mpaka cheupe kinakuwa kama maji ya mpunga. Wanazidisha sabuni, na wanazidisha utando. Fua kwa maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi, suuza mara mbili, kisha tia bluu kidogo, ile bluu inaua umanjano. Neno kufubaa nalipenda kwa sababu ya wale wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi: virusi havijatoka, vimepunguzwa makali. Na weupe wa shati ndivyo ulivyo, upo, umefunikwa tu.

Pili, KUGEUKA. Msimu wa zabibu, Februari na Machi na tena Agosti na Septemba, naletewa nguo kutoka Hombolo na Mpunguzi zina madoa ya zabibu nyekundu. Ukilipaka doa hilo sabuni linakuwa bluu kama wino, pengine kijani. Mteja akiwa amesimama hapo anapiga kelele kwamba nimemharibia. Sijamharibia. Rangi ya zabibu huwa nyekundu kwenye uchachu na huwa bluu ikikutana na magadi au sabuni. Kamulia limau mbele ya macho yake, inarudi nyekundu. Choya ni vile vile, jaribuni nyumbani kwenye bakuli. Kwa hiyo doa la zabibu au choya ukikimbilia sabuni umekosea hatua. Lisuuze kwanza kwa maji matupu, mengi, mpaka yatoke meupe, ndipo sabuni.

Tatu, damu: maji ya baridi. Maji ya moto yanaipika kwenye kitambaa kama unavyopika yai. Utomvu wa mgomba nao una tabia ya kujificha, siku ya kwanza hauonekani, ukikaa unakuwa mweusi na hautoki tena.

Na dada fundi, hili la kuloweka kitenge kipya kwenye maji ya chumvi, watu wanaliamini sana. Chumvi inaifanya rangi isitoke sana kwenye maji yale yale ya chumvi. Ukitoa ukafua kwa maji ya kawaida inaendelea pale pale ilipoishia. Siki nayo kwa pamba haisaidii. Rangi ambayo kiwandani haikufungamana na uzi, jikoni hutaifunga.

---

Mchangiaji (Area C)

Dobi, mimi huwa natofautisha doa, waa na baka lakini sijui kama niko sahihi. Doa ni dogo lenye mipaka. Baka ni pana, kama mabaka ya ngozi au sare za jeshi za mabaka. Waa silisikii ila kanisani na kwenye hotuba, "bila mawaa". Na ng'ombe ni wa madoadoa siku zote, sijawahi kusikia ng'ombe wa mawaa.

---

Dobi, Chang'ombe

Uko sawa. Kwangu waa ni doa lililokataa kutoka.

---

Mchangiaji (Singida, anasoma Dodoma)

Nimekuwa nikisoma kimya tangu juzi. Naomba nitoe langu ingawa si la nguo.

Mimi natoka Singida na meno yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia. Nilipofika chuo hapa Dodoma, mwenzangu chumbani aliniuliza siku ya pili kama kwetu hatupigi mswaki. Hakuwa na nia mbaya. Aliona kahawia, akafikiri ni uchafu. Nimepiga mswaki mara mbili kila siku tangu nikiwa mdogo, mama alikuwa mkali kwa hilo.

Maji ya visima vingi vya kwetu, na Manyara, na Arusha, yana floridi nyingi kutoka kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, gamba la nje la jino linajengeka likiwa na kasoro. Jino linachomoza na mabaka meupe kama chaki, na lililoathirika zaidi huingia rangi ya kahawia kadiri mtu anavyokua. Mswaki hauyafikii kwa sababu hayako juu ya jino, yamo ndani ya gamba lenyewe. Mtu mzima akihamia kijiji hicho anakunywa maji hayo hayo na meno yake hayaguswi, kwa sababu yameshakomaa.

Nimeambiwa meno yangu yamechafuka, yameoza, yameshika kutu. Hata kliniki moja niliandikiwa "meno yenye madoa", nikapewa dawa ya kusugulia. Tangu nisome uzi huu najiuliza na mimi kama dada fundi: meno yangu yamefanya nini?

---

Mleta uzi

Mdogo wangu, nimesoma yako nikaacha kushona.

Hujafanya kitu. Na meno hayajafanya kitu. Nadhani hapo hata kitenzi hakihitajiki. Yameota na rangi yake. Ng'ombe wa madoadoa hatusemi amechafuka.

Lakini umenionyesha kwamba jambo nililolileta kwa hasira ya kola lina uzito kuliko kola. Mimi niliambiwa "zimepauka", neno likamwachia mwenye kosa. Wewe unaambiwa "yamechafuka", neno linakupa kosa usilolifanya. Yule wa kliniki aliona rangi ya kahawia akatafuta neno la karibu, na neno likampeleka kwenye dawa isiyo yako. Angesema "yameota hivi", swali la pili lingekuwa: ulikunywa maji ya wapi ukiwa mdogo? Na hilo ndilo swali la kuwasaidia wadogo zako walioko nyumbani sasa hivi.

---

Mchangiaji (Kondoa)

Nimeguswa na hili la rangi na maneno yake kwa sababu nimekulia karibu na Kolo, kwenye michoro ya miambani. Mwaka 2006 iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 1951 Mary Leakey alizunguka huku akiinakili. Wageni wakija husikika wakisema, "Aah, imepauka sana". Mimi mwenyewe nimesema hivyo miaka yote, mpaka jana nilipoanza kulifikiria neno.

Michoro mingi ya kale pale ni ya rangi nyekundu, rangi ya udongo wenye chuma. Rangi hiyo ni jiwe lililosagwa. Jua haliwezi kuipausha kama linavyopausha pazia la dada fundi, vinginevyo vilima vyetu vyote vya Kondoa vingekuwa vyeupe leo, kwa kuwa vimekaa juani kuliko kitu chochote. Kinachotokea ni kingine. Uso wa mwamba unabanduka vipande, na mchoro unaondoka na kipande chake. Maji yanayochuruzika yanaacha ukungu mweupe wa chumvi juu yake. Vumbi linaganda. Watu wanawasha moto chini ya mwamba na masizi yanapanda. Na wapo wanaomwagia maji ili mchoro uonekane vizuri kwenye picha.

Ukisema umepauka, unamaanisha ni uzee, hakuna la kufanya. Ukisema umebanduka, umefunikwa, umemwagiwa, unaanza kuuliza nani na kwa nini.

Na chuma kile kile ndicho kinachowatesa akina mama wa kwetu kwenye soksi na mashati ya shule. Dobi, tusaidie hapo.

---

Dobi, Chang'ombe

Udongo mwekundu si rangi iliyoyeyuka, ni chembe zimejificha kati ya nyuzi. Usilowanishe mara moja. Acha tope likauke kabisa, likung'ute, lipige brashi kavu, ndipo ufue. Ukianza na maji unazisukuma chembe ndani zaidi.

Na tafadhali, jiki usiiguse kwenye udongo mwekundu wala kutu. Jiki huondoa rangi nyingi, lakini chuma inakizidisha, linabaki baka la kahawia ambalo hata mimi nitakurudishia. Kwa kutu tumia limau na chumvi, weka juani kidogo, suuza sana. Jaribu kwanza kwenye upindo.

---

Mchangiaji (mwenyeji wa Tanga, anafanya kazi Dodoma)

Mmezungumza ya kuondoka na ya kuharibika, hakuna aliyetaja ya kupendeza. Kwetu pwani rangi IKIKOLEA ni furaha. Hina ukiibandua usiku huwa ya rangi ya chungwa, bibi harusi anaweza kulia. Wanawake wazima wanamwambia subiri. Kesho yake imekuwa kahawia, keshokutwa imekolea kama ukwaju, maana hina inaendelea kuiva kwenye ngozi siku moja au mbili. Kukolea ni neno la chumvi kwenye mchuzi pia: kitu kimeingia mpaka kimetosha.

Sasa dada fundi, nakuja kwenye swali lako la kola, naona wote wamelipita. Sisi hatusemi kola zimekolea, kwa sababu kukolea ni kwa kilichotakiwa. Bibi yangu aliyekuwa anauza kanga angesema nguo nyeupe IMEINGIWA. "Shuka limeingiwa na rangi."

---

Mchangiaji (Nkuhungu)

Kwani kushika rangi kuna shida gani? Huku wote tunasema "nyeupe imeshika rangi".

---

Mleta uzi

Kaka wa Nkuhungu, hata mimi nimekuwa nikisema imeshika. Lakini baada ya somo la mwalimu naliona neno kwa jicho jingine. Kushika ni kitendo cha mwenye mikono. Kola ikishika rangi ni kama iliitaka. Muuzaji wa pili niliyemwonyesha aliniambia hivyo hivyo, "hicho cheupe chako ndicho kinashika sana".

Kuingiwa nimelipokea kwa mikono miwili. Tunasema mtu ameingiwa na hofu, mahindi yameingiwa na wadudu, nyumba imeingiwa na wezi. Aliyeingiwa hakualika. Na neno lina mlango wazi wa kumtaja aliyeingia: limeingiwa NA NINI? Na rangi. Rangi ya nani? Ya kitenge. Kitenge cha nani?

Kwa hiyo mimi nitasema: kitenge kimechuja, kola zimeingiwa. Mwalimu, kuna kosa hapo?

---

Mwalimu wa Kiswahili

Hakuna. Kauli ya kutendwa, mtendwa hana hatia, na mtenda anatajwa kwa "na". Bibi huyo wa Tanga alikuwa mwalimu kunishinda.

---

Mchangiaji (Ipagala)

Sasa fundi, utamrudia yule muuzaji? Na je, sisi tusio mafundi tunajuaje kitenge kinachochuja kabla ya kutoa pesa?

---

Mleta uzi

Nilimrudia jana. Sikwenda na magauni, nilikwenda na kipande cha pamba nyeupe nilichokilowesha na kukikamua, ukubwa wa kiganja. Nikamwomba jora lile lile la damu ya mzee, nikafuta pindo lake kwa kile kipande mara kumi hivi, kama mtu anayefuta meza. Kikatoka chekundu. Nikamwekea juu ya kaunta nikamwambia, "Kaka, hapa hakuna jua." Hakunirudishia pesa zote, alinikatia sehemu kwenye mzigo mwingine, na mbele yangu aliliondoa jora lile kwenye rafu ya mbele. Sijui kama alilirudisha nilipotoka. Mimi yangu nimeyasema.

Kwa hiyo dada wa Ipagala jibu ndilo hilo: kipande cheupe, kibichi, sugua mahali pasipoonekana. Rangi nzito ndizo za kuogopa zaidi, damu ya mzee, nyeusi, bluu ya bahari iliyoiva. Muuzaji akikukatalia kusugua, mwache na kitenge chake. Na ukishanunua, hata kama kimefaulu, ufuo wa kwanza kifue peke yake. Ukianika, kigeuze ndani nje na ukiweke kivulini, maana cha kuchuja kikipona bado kuna cha kupauka, na hilo kweli ni la jua letu.

Nimechapisha pia kitabu kipya cha risiti. Chini nimeweka mstari ambao mwalimu alinisaidia kuuandika: "Kitambaa cha mteja kikichuja na nguo ikaingiwa, fundi hahusiki. Kitambaa cha fundi kikichuja na nguo ikaingiwa, fundi anashona upya bila malipo." Mteja wa kwanza kuusoma aliniuliza maana ya "ikaingiwa". Nikamwonyesha ile kola moja niliyoibakiza, akaelewa papo hapo.

Wiki ijayo nina sare nyingine, safari hii ni kijani na nyeupe, za kikundi cha akina mama cha mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Kesho asubuhi naingia sokoni kutafuta kitambaa. Kipande changu cheupe nimeshakiloweka.